Inchi Sita

Mwaka aliofariki mama, kila Alkhamisi baada ya alasiri nilikuwa nikiendesha gari hadi mtaa wa Khuwair ya Kusini kwa kaka yangu. Alikuwa mhandisi wizarani, kastaafu, na presha ya macho ilikuwa imeshalichukua jicho la kushoto lote na la kulia nusu. Watu walinisifu kwamba namwangalia ndugu yangu. Kweli ni kuwa sikuwa na pa kwenda, na kwake hakuna aliyeniuliza najisikiaje. Nilikuwa nimekufa ganzi. Nilikula, niliswali, nilijibu simu, yote kama namfanyia mtu mwengine kazi yake.

Kaka alikusanya dola za fedha za Kimarekani, zile kubwa za zamani, tangu alipokuwa akisoma huko. Moja aliipenda kuliko zote. Upande mmoja kichwa cha bibi, upande wa pili tai, na pale patupu panapozunguka picha pang'avu kama kioo. Alinieleza kwamba muhuri wa kupigia sarafu ukisuguliwa upya, zile za mwanzo kutoka ndizo zinazotoka hivyo. Wapimaji wa huko Marekani huzitenga. Ikionesha ndani yake, wazi, maandishi yaliyo mbali nayo inchi mbili hadi nne, huiandika "kama kioo". Ikifika sita, "kioo cha kina". Na lazima pande zote mbili zifike.

Alitaka kuipeleka ikapimwe, lakini kwanza ajue. Akalaza rula mezani, akaisimamisha sarafu kwenye sifuri, akaishika kwa vidole viwili.

"Soma namba ndani ya sarafu," akasema, "usisome kwenye rula."

Upande wa tai nikasoma mpaka saba. Akaigeuza. Upande wa bibi, nne ilikuwa wazi, tano kama moshi, sita haipo.

"Umefika wapi?"

"Sita."

"Sita safi?"

"Safi kabisa, kaka."

Sikusema kwa kumwonea huruma. Nilitaka yaishe nikaoshe vikombe niondoke. Jibu hilo lilikuwa fupi zaidi.

Jumamosi nikampeleka mtaa wa Hamriya, kwenye duka ambalo mwenyewe hukusanya sarafu za watu na kuzituma kwa wapimaji. Kaka akamwambia, "Andika wapime pia ung'avu wake wa kioo. Ndugu yangu kashaiona."

Ilirudi baada ya miezi mitatu, imefungwa ndani ya kasha gumu la plastiki. Tuliketi garini nje ya duka, kiyoyozi kinavuma. Akapapasa kasha pembe zote, kisha akanipa.

"Nsomee."

Nikasoma daraja, nikasoma na maneno yaliyofuata. Kama kioo.

"Kina hakuna?"

"Hakuna."

Mtu akapita na mkokoteni wa maboksi, tukamsubiri apite kana kwamba ametukatiza.

"Upande wa bibi uliishia nne," nikasema. "Nliona siku ile ile."

Aligeuka kunitazama, ila uso wake uliishia begani kwangu.

"Mie nlishaipima, macho yangu mazima. Nkapata nne. Uliposema sita, nkadhani macho yalishaanza kuharibika tangu siku zile na mwenyewe sijui. Miezi mitatu nakaa nafikiri vitu vyote nlivyoviona vibaya."

Nikangoja nione aibu. Haikuja. Niliutazama mkono wangu juu ya gia, pete imelegea kidoleni.

"Nisamehe, kaka."

"Nshakusamehe. Lakini nkikuuliza kitu, nambie unachokiona. Basi, khalas."

Tukapita kununua mkate na maziwa, nikamrudisha nyumbani. Alkhamisi iliyofuata alitoa sarafu nyengine na rula. Nilisema tatu, kwa kuwa ilikuwa tatu. Akasema, "Haya, tatu," akairudisha kwenye kijaluba chake.

Aibu ilinijia wiki nyingi baadaye, mchana, kwenye taa za barabarani za Qurum. Taa ikawa kijani nami nimeshika usukani, nalia, magari ya nyuma yanapiga honi. Kisha nikaondoka, maana nilikuwa nimezuia njia.