Siku Tatu za Mgeni wa Pampu

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa mpiga chapa katika wizara ya biashara, hapa Muscat. Wajumbe wa biashara kutoka China walikuwa wakija kila baada ya miezi michache, na katika kila hotuba, yao na yetu, kulikuwa na neno moja ambalo vidole vyangu viliweza kuliandika bila mimi kutazama: mazungumzo. Ushirikiano kwa njia ya mazungumzo, uchumi kwa njia ya mazungumzo. Nililiamini, kwa kuwa nilikuwa bado sijamwona baba yangu akizungumza na Mchina.

Baba alikuwa na duka la pampu za maji mtaa wa Darsait. Kampuni iliyokuwa ikimletea mali ilikuwa imefunga, rafu zimebaki na vumbi, na bila ya uwakala mpya duka lilikuwa halimalizi mwaka. Nilipoona kiwanda cha pampu kwenye orodha ya wajumbe, nilimfuata mwakilishi wao hotelini Qurum, nikamtajia duka letu, nikamkaribisha nyumbani. Alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye Kiingereza cha polepole. Baba hakujua Kiingereza hata cha kuombea maji, basi mkalimani nikawa mimi.

Siku ya kwanza mgeni alikula halwa, akanywa kahawa. Baba alingoja finjani ziondolewe, kisha akauliza kama wanavyoulizwa wageni wote Oman: kuna habari gani? Yule bwana akajibu kuwa hakuna, kheri tu. Hakuna Mwomani ambaye angejibu vizuri zaidi. Baba alifurahi mno.

"Mstaarabu huyu," akaniambia kwa Kiswahili, lugha yetu ya nyumbani. "Hana papara."

"Baba, muulize habari ya uwakala."

"Mgeni haulizwi haja yake, mwanangu. Nnamngoja aseme mwenyewe. Na wewe fasiri nnayosema mimi, usitie lako."

Kuuliza si ujinga, lakini nenda kamwambie baba yangu.

Siku ya pili tulimpeleka pwani ya Qantab, kwa binamu yake baba, tukala samaki wa kuchoma. Mgeni alikaa na mkoba wake mweusi mapajani, hata pale ufukweni. Nilifasiri mvua za mji wao. Nilifasiri magoti ya mama yake, yaliyokuwa yakimuuma, na dawa tatu ambazo baba alimshauri. Pampu hakuna aliyeitaja. Nilikuwa nimechoka nao wote wawili, na adabu zao nimezichoka zaidi. Wahenga walisema siku ya tatu mgeni apewe jembe. Sisi tulimpa pilau, akala, akashukuru, na baba akaulizia tena yale magoti.

Asubuhi yake nilimpeleka uwanja wa ndege. Kabla hajaingia ndani alifungua mkoba, akanionyesha mkataba uliokwisha kuchapwa, wenye jina la duka letu.

"Nilikuwa nao siku zote tatu," akasema. "Lakini mzee hakugusia biashara hata mara moja. Kwetu, mtu mzima akikukirimu namna hii na asiguse shughuli, amekukatalia kwa heshima. Sikutaka kumuaibisha. Jana jioni nimetia saini na mfanyabiashara wa Ruwi. Yeye alinifuata hotelini, akaniuliza."

Nilirudi Darsait nikiendesha vibaya. Baba alikuwa nyuma ya kaunta. Nikamweleza yote, neno kwa neno, na nakiri sikumhurumia. Alizitazama rafu.

"Na wewe siku zote tatu umekaa kati yetu," akasema, "lugha zote mbili unazijua, ukanyamaza?"

Hasira zilinipanda hadi machozi yakanilenga. Nilitaka kumrudishia maneno yake mwenyewe, usitie lako, nayo nilikuwa nayo tayari mdomoni. Lakini alikuwa na haki. Sentensi moja tu ya Kiingereza ingetosha, mgeni angeidhani ya baba, na baba asingejua kamwe kwamba nimetia langu.