Jino la Utoto Halirudishwi

Saa mbili kasoro robo asubuhi, mlezi ambaye wote humwita Shangazi amepiga magoti mlangoni pa kituo cha kulelea watoto. Kila anayeingia sharti amchekee, anayenuna anatekenywa. Anakagua meno.

Leo binti wa fundi cherehani, mwenye miaka mitatu, anacheka na jino la mbele ni la kijivu. Wiki iliyopita alianguka kwenye ngazi ya bembea, ngazi iliyovunjika tangu mwaka juzi na kuandikiwa barua tatu na walezi. Mwenye kituo alimwambia Shangazi asimtie mama wa watu hofu: jino la utoto hilo, litang'oka lenyewe.

"Mimi mwenyewe nilikosea kwa jino la utoto, miaka kumi na moja iliyopita," anasema Shangazi.

Mtoto wa kaka yake aliruka kitandani, jino likatoka zimazima. Kwenye mafunzo ya huduma ya kwanza Shangazi alifundishwa kulirudisha upesi. Hakuna aliyejisumbua kumwambia kwamba hilo ni kwa meno ya ukubwani tu. Akalisuuza, akalikandamiza ufizini, akajisifu. Ndani, jino la ukubwani lililokuwa likikua likaumia. Lilikuja kuota limepinda, na baka la kahawia. Binti huyo wa kaka yake sasa ana miaka kumi na minne na hucheka kafunika mdomo.

"Ananitania, ananiita daktari. Nacheka naye, kisha naenda jikoni kulia."

Walezi wawili, watoto thelathini na wanne, plasta mbili kwenye kisanduku cha dawa. Wakaguzi huja, hupima uzio, huaga.

Wiki nzima Shangazi alimtii mwenye kituo; leo hanyamazi. Anamshika mkono fundi cherehani, aliyemleta mtoto, na kumweleza alivyoanguka: jino huenda limekufa, likitunga usaha litaharibu linalokuja.

"Mbona mmenificha wiki nzima, dada?"

"Nimekukosea. Mpeleke leo, mama."

Mwenye kituo yuko nyuma yao. "Unataka tufungiwe kituo?"

"Nataka ngazi itengenezwe."

Mchana Shangazi anawasindikiza, na daktari wa meno anampima mtoto. Hakuna usaha; arudi kila baada ya miezi mitatu. Shangazi anarudi na habari hiyo kifua mbele, na ahadi aliyomng'ang'ania daktari mpaka akaitoa: Jumamosi atawafundisha walezi wa vituo vitano huduma ya kwanza ya meno, bure, hapo hapo kituoni.

Mwenye kituo ameuliza kama atawekewa kiti. Ameambiwa aje nacho.