Gari Lililoinuliwa la Adelso Pushaina

Msimu wa mvua uliopita, gari la Adelso Pushaina lilikwama karibu katika kila korongo kati ya kijiji chake, Jotomana, na mji wa Uribia. Abiria waliteremka kusukuma huku wakimtukana yeye na gari lake. Aibu ikamchosha. Mvua zilipokatika akaenda kwa fundi Eliécer kutaka springi ndefu, gari lipande juu shibiri nzima.

"Kuinua ninaweza," fundi akasema. "Lakini shafti zinazozungusha magurudumu ya mbele zitakaa kimshazari, jointi zake zisagike upesi. Nusu shibiri inakutosha."

"Nusu shibiri ni ya watu wa lami, bwana. Wewe inua!"

Likainuliwa. Mvua ziliporudi, Adelso akatamba. Makorongo yaliyowameza wenzake yeye aliyapita akipiga honi. Lakini haukupita muda, gurudumu la mbele likaanza kugonga kila alipokata kona. Ka-ka-ka! Akaongeza sauti ya redio.

Ndipo dada yake, Zoraida, mfugaji wa mbuzi, alipokwenda kuokota kuni akagongwa mguuni na nyoka, yule mwenye mkia wa kayamba. Dawa ya sumu ilikuwa mjini, na mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Yaneth, bintiye Zoraida, aliketi nyuma akampakata mama yake, Adelso akakanyaga mafuta.

"Mjomba, kope zake zinajifunga zenyewe!"

"Mzungumzishe, asilale!"

"Nani kalala?" Zoraida akasema, ulimi mzito. "Tazama njia, wewe mwendawazimu."

Katika korongo kubwa Adelso akakata kona kukwepa gogo. Kitu kikalia chini ya gari kama mfupa unaovunjwa. Shafti ya mbele ilikuwa imekatika. Magurudumu ya nyuma, sasa yakisukuma peke yake, yakachimba tope mpaka gari likakalia tumbo. Akashuka, akafukua kwa mikono, akakata matawi ya miiba akayatandika. Tope likayameza yote. Maji nayo yalikuwa yakipanda. Akapiga magoti humo humo kwenye tope, akaanza kulia kwa sauti.

"Mjomba! Utalia baadaye!" Yaneth akamfokea. "Shika kichwani, mimi nashika miguuni."

Wakamtia Zoraida kwenye bembea yake ya kulalia iliyokuwa garini, wakavuka maji yakiwafika kifuani. Ng'ambo hapakuwa na gari wala mtu. Wakatembea, wakaanguka, wakainuka. Zoraida hakusema tena. Adelso alikuwa akimwita jina lake la utotoni, haitikii. Jua lilikuwa limeshawaka vikali lilipotokea lori la maji. Dereva hakuuliza kitu. Alimwaga maji yote mchangani ili lori liwe jepesi, akawapakia, akageuza kuelekea mjini.

Zoraida alipona, ila figo zake hazikupona. Sasa anaishi mjini Riohacha, karibu na mashine inayomsafishia damu, na kurudi Jotomana hawezi. Siku Adelso alipokwenda kumwona, alisimama mlangoni na kofia mkononi, akaanza kuomba radhi.

"Usije kunililia hapa," Zoraida akamwambia. "Mbuzi wangu wanapata maji?"

Adelso akainamisha kichwa. Ukame ulikuwa umesharudi, na nusu ya mbuzi wale walikuwa wamekufa.