Mapaja ya Msoma Mita

Msoma mita za maji huzoea mambo mawili: kuinama na kutoaminiwa. Mwanamke huyu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Mita, alikuwa ameongeza la tatu, nalo ni kutomwamini mtu yeyote. Ukimwambia kumekucha, atafungua dirisha kwanza.

Kazi ndiyo iliyomfundisha. Miaka ya kubwekeana na watu malangoni ilikuwa imempa kanuni moja: anayekufukuza ana la kuficha, anayekukaribisha hana. Mwenye nyumba akisema, "Njoo kesho, ufunguo umepotea," Mama Mita alijua kuna mkono uliogusa mita. Akiwekewa kiti kivulini, alisoma, akashukuru, akaenda zake.

Lakini siku hizi kilichomsumbua hakikuwa mita. Yalikuwa mapaja. Mabega na kiuno vilikuwa vyembamba, ila mapaja yalikuwa yamejaa kwa ndani na kusuguana kila hatua. Ikifika adhuhuri ngozi ilikuwa imechubuka, inawaka kama iliyopakwa pilipili, naye akitembea ametanua miguu kama mtu aliyeshuka kutoka juu ya punda. Nyumba za mwisho za mzunguko wake zilianza kulala bila kusomwa. Msimamizi alimwambia, kwa ule upole unaotisha, kwamba kwenye dirisha la malalamiko kuna kiti kitupu. Kukaa kutwa akitukanwa kupitia tundu la kioo, kwake kulikuwa sawa na kuzikwa akiwa macho. Alitaka kutembea.

"Dada, siku hizi mafuta yanagandishwa," alisema mdogo wake, msusi aliyejua kila lililosemwa saluni. "Mashine inabana paja, baridi inaua mafuta, yanatoka yenyewe kidogo kidogo. Hukatwi, hulazwi."

"Yanatokea wapi?"

"Nitajuaje? Yanatoka."

"Kitu kikitoka lazima kipite mahali. Maji hayapotei hivi hivi."

"Haya, nenda kaisome mita yake basi."

Akaenda. Alipofika kwenye kliniki ya mashine, msichana wa mapokezi alisimama kumlaki. "Karibu, mpenzi wangu. Ngozi nzuri hivi, mtu ataamini una mtoto mkubwa?" Akakalishwa kwenye kiti laini, akaletewa maji baridi. Mama Mita alichunguza kama yuko kazini. Akachungulia nyuma ya mashine, akagusa waya, akauliza mlango ule unaelekea wapi. Msichana akamfungulia mlango. Kilikuwa chumba cha mataulo. Hakuna kilichofichwa. Akapimwa mapaja kwa futikamba, akapangiwa siku ya kuanza, akatoka moyo mweupe.

Kwa daktari wa upasuaji alikwenda ili kulinganisha tu. Chumba kilikuwa kidogo, na kiti cha mgonjwa kiliyumba. Daktari alimpima mbele ya muuguzi, akafinya ngozi ya paja, akamwambia atembee hadi mlangoni na kurudi. Kisha akanawa mikono kwa muda mrefu.

"Mama, kwa sasa nisingependa kukukata."

"Kwa nini?"

"Ngozi ya hapo ni nyepesi. Nikinyonya mafuta inaweza kulegea, na iliyolegea nayo husugua. Utavimba, utavaa nguo ya kubana kwa wiki kadhaa, na ipo hatari ya damu kuganda. Isitoshe, sina uhakika kuwa michubuko itakwisha."

"Na mashine ya baridi?"

"Inapunguza kidogo, tena baada ya miezi. Inamfaa mwenye kijinyama kidogo. Yako ni zaidi. Na mara chache sana, paja huvimba na kuwa gumu badala ya kupungua, halafu mtu anakuja hapa kukatwa."

"Sasa mimi nifanyeje?"

"Tutibu vidonda kwanza. Vaa kaptura ya kubana ndani ya sare, paka mafuta mazito kabla hujatoka. Ngozi ikipona, rudi tuzungumze."

Mama Mita alirudi nyumbani amenuna. "Ameniangalia viatu," alimwambia mdogo wake. "Aliona vumbi, akajua huyu si wa kukatwa."

"Au hajui kukata."

"Au kuna mtu amemharibikia mezani. Daktari anayefukuza wagonjwa ana la kuficha. Naenda kwa mashine."

Wiki hiyo hiyo bomba la mtaa wa juu lilipasuka. Fundi wa mabomba, waliyemwita Koleo kwa jinsi alivyokuwa na mikono mifupi minene, alichimba mtaro mbele ya nyumba ya dobi. Mama Mita aliipenda nyumba hiyo kuliko zote. Dobi alikuwa akimfutia vumbi kwenye kioo cha mita kabla hajainama, akimshikia tochi, akimsikitikia jua. Mita yake ilisoma kidogo kila mara, naye Mama Mita akimwonea huruma kwamba biashara ni ngumu.

"Mama Mita, njoo uone nyoka," Koleo aliita kutoka shimoni.

Alikuta bomba la pili, limepita chini ya ukuta na kuingia uani bila kuigusa mita. Shuka za hoteli zilikuwa zimejaa kambani, zinadondosha maji.

"La zamani hili," alisema Koleo. "Limeota kutu. Na wewe ulikuwa unakalishwa hapo juu yake?"

Dobi akatoka, mkono kifuani. "Jamani, mleteeni mama kiti."

Hakukaa. Alisimama juani, mapaja yakimuuma, akiwaza ni nyumba ngapi amezipita akitabasamu. Wenye nyumba hizo walimvika kilemba cha ukoka naye akakipokea kwa mikono miwili. Na kama kanuni ilikuwa imeoza upande huu, je, upande ule mwingine?

Siku ya miadi alikwenda kliniki ya mashine, lakini hakuvua viatu.

"Kabla hatujaanza," alimwambia msichana wa mapokezi, "niambie ni nani mnamrudisha. Ni mtu gani mashine hii haimfai?"

"Aa, mpenzi wangu, sisi haturudishi mtu. Inamfaa kila mtu."

"Na ikivimba badala ya kupungua?"

Msichana alitabasamu vilevile, wala tabasamu halikuongezeka wala kupungua. "Mawazo mabaya hayo. Nikuletee maji?"

"Maji nayajua," alisema Mama Mita, akaondoka.

Kwa daktari alingoja kwenye benchi mpaka zamu yake ikafika. Aliingia, akakikamata kile kiti kinachoyumba kabla hakijamtikisa.

"Nimeanza kuvaa kaptura," alisema. "Inasaidia, jana nimemaliza nyumba zote. Lakini wewe bado sikuamini."

"Sawa. Unataka nini?"

"Nitafanya ulivyosema mpaka likizo. Nikiwa bado naumia nitakuja, na nitakuja na mdogo wangu. Utamweleza yeye yale yote mabaya uliyonieleza mimi, nami nikisikiliza. Neno moja likibadilika, hunikati."

Daktari alichukua kalamu. "Mlete. Na kama ana maswali, ayaandike."

"Hana haja ya kuandika," alisema Mama Mita. "Huyo ni msusi."