Sigara ya Mgeni

Jana, hotelini Diani, mgeni aliwasha sigara nene ya kahawia, na harufu yake tamu ikanirudisha Mwabungo, nyumbani kwa bibi.

Mama alikuwa amezawadiwa moja kama hiyo kazini, alikokuwa akifua mashuka. Bibi aliinusa, akaiwasha kwa kaa la moto, akavuta taratibu, akiuzungusha moshi mdomoni. Mama, aliyekuwa mlangoni, akamuuliza kwa mshangao:

"Mama, si ulimfukuza kaka kwa kuvuta?"

Bibi alijifanya hakusikia.

"Hii ni laini mno," akasema. "Aliyokuwa akinisokotea marehemu babako ilikuwa kali, ya kutoa machozi."

Bibi alivuta tena, akaizima ukutani, akaniagiza maji asukutue kabla ya sala ya alasiri.