Damu ya Watu Wawili

Mwanangu alikuwa na ladha ya chumvi. Kila nilipombusu kwenye paji la uso ilibaki midomoni mwangu, na joto la mchana lilipozidi, jasho lilimkaukia likaacha unga mweupe kwenye nywele. Alikula kama mtu mzima lakini hakunenepa. Kikohozi hakikumwacha. Hapa Juba walimtibu kifua kikuu, akamaliza dawa, wakamwanzishia tena.

Mimi nililelewa Kenya, ukimbizini. Mume wangu na mama yake walikaa Uganda. Makabila yetu ni tofauti, kwa hiyo nyumbani, mtaa wa Gudele, tulisemezana Kiswahili, kila mtu na chake.

"Mimi iko na watoto mingi," mama mkwe aliniambia, binti yangu akikohoa mapajani mwangu. "Hakuna hata moja iko namna hii. Hii damu ilitoka kwenu."

Alijua kwamba kaka yangu alifia kambini akiwa mdogo, kifua kikimbana. Nilimsimulia mwenyewe, enzi tulipokuwa bado tunapendana.

Nikampeleka mtoto Nairobi, kwa shangazi yangu. Hospitali walikusanya jasho lake mkononi wakalipima chumvi, kisha daktari akataka kutuona sote wawili. Mume wangu akaja.

"Huu si kifua kikuu, wala hauambukizi," daktari alisema. "Unaitwa sistiki fibrosisi. Kwa watu wetu ni nadra, ndiyo maana hakuna aliyeutafuta. Makohozi yanakuwa mazito kama gundi, yanaziba mapafu. Hata chakula hakisagiki vizuri tumboni."

"Umetoka wapi?" nikauliza.

"Kwenu nyote. Mtoto hupokea jeni mbili, moja ya mama, moja ya baba. Mwenye mbovu moja haugui. Atazeeka bila kujua anayo. Huyu alipokea mbovu zote mbili."

"Kwa hiyo mimi ninayo?" mume wangu akauliza.

"Unayo, baba. Na mama anayo."

Tuliporudi Juba, ukoo wake ulikutana kwa mama mkwe, mtaa wa Hai Malakal. Nilieleza yote nilivyoelezwa, nikamgeukia mume wangu: "Waambie. Tulikuwa pamoja."

Akainama, akaanza kukaza kamba za viatu.

"Daktari alisema mambo mengi," akajibu.

Basi. Wakamtafutia mke mwingine, wa damu safi. Nilihamia mtaa wa Nyakuron na binti yangu.

Mke yule alijifungua mtoto mnene, mzima kabisa. Nilikwenda kwenye ubatizo kwa sababu ni ndugu ya mwanangu. Mama mkwe akamwinua huyo mchanga mbele ya wageni.

"Umeona? Baba ni ile ile. Sasa sema."

Nikasema. Kwamba huenda mama yake huyu hana jeni hiyo, ndiyo maana mtoto ni mzima. Lakini huenda ameirithi kwa baba yake, na siku moja akikutana na mwenzake aliye nayo, yatarudi yaleyale. Mwanamke mmoja akapiga kelele kwamba ninamlaani mtoto. Wakanisindikiza hadi barabarani, na binti yangu mkononi, sahani yake ya wali imebaki ndani.

Kila asubuhi mimi humlaza binti yangu kifudifudi na kumpiga mgongo kwa kiganja kilichokunjwa kama kikombe, mpaka makohozi yalegee. Vidonge vya kusaga chakula huletwa na wasafiri kutoka Nairobi. Vikichelewa, tumbo linamsokota na ananiuliza kwa nini yeye tu.

Majuzi baba yake alikuja peke yake. Alisimama mlangoni, akasema kwa sauti ya chini, "Yule mdogo... anaweza kupimwa kama anabeba jeni ile?"

Nikamtazama. Kumbe aliamini tangu siku ile ya daktari. Alielewa kila neno, kisha akaniacha nibebe mimi.

Nilimweleza pa kwenda, maana mtoto hana kosa. Lakini kiti sikumpa, wala chai.