Jina Nililolifuta katika Habari za Pate

Mwanangu, ipo siku moja ya Ruiru, katika miaka ile ya hali ya hatari, ambayo kila niikumbukapo nakosa raha. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimetoka kusoma Lamu, nikisomesha watoto Kurani mjini Thika. Nilijiona mwanachuoni, na hilo ndilo lililoniponza.

Huko Ruiru alikuwako fundi cherehani, Mzee Athumani, mtu wa Pate aliyeletwa bara na kazi ya reli, akabaki. Barazani pa duka alishona suruali za vibarua wa mashamba ya kahawa, na huku akishona alihadithia habari za masultani wa Pate wa zamani: nani alirithi kiti, nani alimpokonya nduguye, na jinsi mji ulivyozingirwa hata watu wakachemsha ngozi wakala. Sikuwa nimezisoma habari hizo katika nakala yoyote. Alipoanza kukohoa damu, aliniomba nimwandikie zote kabla hajafa. Nilikubali upesi, kwani nilikusudia kumpelekea sheikh wangu Lamu, nisifiwe. Ikawa kila Jumapili napanda gari moshi Thika, nashuka Ruiru, naandika.

Desturi yetu ni kwamba habari haiandikwi ila itanguliwe na jina la aliyeisimulia, na la aliyemsimulia yeye. Nikamuuliza alipokea kwa nani. Akasema alipokea kwa bibi yake, Zafarani, mtumwa wa jikoni katika nyumba ya sultani, naye kwa mamaye, mtumwa wa jiko lilo hilo. Waandishi walikaa ukumbini wakingoja kuambiwa, akasema. Waliopeleka chakula ndani ndio waliosikia.

Niliogopa kwamba sheikh wangu angeona jina la mtumwa, tena mwanamke, katika mstari wa kwanza, akaicheka kazi yangu. Nikaandika kwamba Athumani alipokea kwa babu yake, mzee mwaminifu wa Pate. Babu huyo hakuwako. Mimi niliyejivunia uhakika wa kila herufi nilimzua mtu mzima.

Jumapili ya nne akataka nimsomee. Mama Wanjiku, aliyekuwa akiuza uji hapo barazani, akasogeza kigoda asikilize. “Soma Kiswahili cha watu, mwalimu,” akasema. “Hicho cha kitabuni kitatushinda kutafuna.”

Nikasoma. Mzee akauondoa mguu kwenye cherehani.

“Babu yangu yupi?”

Nikaeleza, kwa maneno mazuri ya chuoni, kwamba wanazuoni hawapokei kwa mtu wa namna ile, na kwamba nimemsitiri bibi yake.

“Umemsitiri kwa nani? Hao mabwana walimwita kwa jina lake kila walipotaka maji. Wewe maneno yake unayataka, jina lake hulitaka.”

“Kumbe amekula,” Mama Wanjiku akasema, “halafu anatuambia chakula kilijipika.”

Mzee hakunikemea zaidi. Alizikunja karatasi, akanirudishia. “Mpelekee sheikh wako. Yaliyobaki hayana babu.”

Tulikuwa tumefika pale mji umezingirwa. Ni nani aliyefungua lango, hakunambia. Jumapili iliyofuata nilikwenda na karatasi mpya, jina la Zafarani juu kabisa. Alinikaribisha vizuri, akaniuliza hali ya wanafunzi wangu, akaendelea kushona. Mwezi wa tatu baada ya hapo tulimzika.

Karatasi nilizipeleka, naam. Sheikh alizisifu, wengine wakazinakili. Hata leo wanakuja watu kuniuliza habari za yule babu mwaminifu. Nikiwaambia hakuwako, hutazamana, wakawanong'onea wajukuu zangu kwamba mzee amechoka.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Ukipokea habari kwa mtu, andika jina lake kama alivyolitaja, awe mpishi, awe mfungwa. Ukilionea haya jina, iache na habari. Wala usijidanganye kwamba utasahihisha baadaye. Mimi nasahihisha tangu ujana, na uongo wangu bado unaaminiwa kuliko mimi.

Mungu akujaalie watu wa kukusimulia, na akuweke uwe mtu wa kuaminiwa nao mpaka neno la mwisho.